Mluzi wa Kabureta

Mimi sikununua gari kwa ajili ya kujionyesha. Nalisema hili mapema kwa sababu Ouani, mji wetu hapa kisiwani Ndzuani, kuna watu ambao mpaka leo wanasema niliingiwa na ukubwa. Nilinunua gari kwa kuwa nilichoka. Nilikuwa karani bandarini Mutsamudu, nyumbani Ouani, na kila asubuhi nilisimama barabarani na shati langu la pasi nikisubiri teksi ambayo dereva wake ataamua mwenyewe kama leo anaamka au haamki. Meli ya mafuta ikichelewa, na kuchelewa ndiyo ilikuwa kazi yake, teksi zote zinalala. Hapo tena ni miguu yangu, Mirontsy yote naikata kwa miguu, nafika ofisini mgongo umelowa na mkubwa wangu anatazama saa ya ukutani badala ya kuitikia salamu.

Lakini hiyo peke yake ningeivumilia. Kubwa lilikuwa mama mkwe.

Kwetu mwanamume hana nyumba. Nyumba ni ya mke, amejengewa na baba yake na wajomba zake, na mume anaingia humo na sanduku la nguo. Kwa hiyo niliishi katika nyumba ya mke wangu pamoja na mama yake. Mama huyo alizaliwa Unguja, na mimi nililelewa huko mpaka nikabaleghe, ndiyo maana ndani ya nyumba ile tulizungumza Kiswahili, na majirani wakitucheka kwamba tunajifanya watu wa ng'ambo. Tulipatana sana. Yeye akiniita baba, mimi nikimwita mama, na chai yangu aliipika mwenyewe, hakumwachia hata binti yake.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mdogo wake mke wangu, mwalimu huko Moroni, kisiwa cha Ngazija. Tangu mamluki walipoingia, wale wazungu wa nguo nyeusi waliokuja kumrudisha rais na wasiondoke tena, watu wengi walijifunza kuzungumza juu ya mvua na bei ya mchele. Shemeji yangu hakujifunza. Alisema darasani, mbele ya wanafunzi, kwamba nchi inayolindwa na watu wa kukodi haijawa nchi bado. Wakamchukua. Wakamwachia, wakamchukua tena. Mara ile ya mwisho hatukuambiwa yuko wapi, wala kama yuko.

Mama hakulia mbele za watu. Alichofanya ni kwenda Mutsamudu kila meli ya Moroni inapofunga gati, kusimama pale wanaposhuka abiria, na kumtafuta mwanawe. Miguu yake ilikuwa imevimba, teksi zenyewe ndizo hizo. Nilikuwa namwona kutoka dirishani ofisini, amesimama juani amejitanda shiromani yake, abiria wanapita, makuli wanapita, mpaka gati linabaki tupu. Nikasema basi, litapatikana gari. Dogo, la bei ya mtu kama mimi, lisilokula mafuta, ili hata meli ya mafuta ikikawia mwezi, mama aweze kwenda kumpokea mtoto wake. Hilo ndilo lililonipeleka Moroni.

Moroni kulikuwa na magari mengi kuliko kwetu na madalali wengi kuliko magari. Dalali wangu alikuwa mtu wa maneno matamu, kofia safi, hakosi kumtaja Mungu katika kila sentensi. Kwanza akanionyesha pikapu ambayo ukiiwasha tu unasikia tangi linapungua. Nikamwambia, bwana we, hilo ni la mtu mwenye kisima cha petroli uani. Akanionyesha gari la Kifaransa lenye gia inayotoka kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Hilo nililipenda kidogo. Sakafu yake lakini ilikuwa imeliwa na kutu, ukikaa unaiona barabara, na mimi nikamfikiria mama na miguu yake. La tatu lilikuwa la Kijapani, zuri, likanunuliwa tukiwa bado tunalizunguka.

Halafu akanipeleka nyuma ya gereji moja. Pale palikuwa na gari dogo la kijani kibichi, milango minne, matairi mazima, viti vimesuguliwa kwa sabuni mpaka vimepauka.

"La nani hili?" nikauliza.

"La daktari mmoja wa kigeni. Amerudi kwao. Wallahi hujapata kuona gari lililotunzwa hivi."

Mimi kwa gari si mjinga. Nilikuwa nimekuja na njia yangu ya kupima, niliyofundishwa na dereva wa winchi bandarini. Unatoa mpira unaotoka kwenye tangi, unauingiza kwenye chupa ya mafuta, chupa unaifunga mahali pa juu, unaendesha mpaka gari lizime lenyewe. Hapo hakuna dalali wa kukudanganya. Fundi wa gereji ile akaifunga chupa, tukashika njia ya kupanda Mvuni. Tulipanda, tukapanda, naitazama chupa. Wallahi nilidhani imeziba. Tukageuza, tukashuka mpaka mjini, na bado chini ya chupa kulikuwa na mafuta ya kutosha kufulia doa.

"Hili halinywi," nikamwambia fundi. "Hili linanusa tu."

Lilikuwa na jambo moja. Ukikanyaga mafuta, chini ya boneti kulitoka mluzi. Si kelele mbaya, ni mluzi mwembamba unaopanda kadiri unavyokanyaga na unaokatika unapoachia. Nikamwuliza fundi kama ni ugonjwa. Akafungua boneti akanionyesha kabureta. Si yake ya asili, akasema, mtu mmoja aliyejua kazi ameifunga nyingine yenye tundu dogo, hewa inapita kwa kubanwa, ndiyo inayolia. "Mafuta unayookoa ndiyo huo mluzi. Ukiunyamazisha, litaanza kunywa kama wenzake."

Basi nilifurahi kama mtoto! Mwenzenu nimepata gari ambalo ubahili wake unausikia kwa masikio. Nililizunguka tena kutafuta kasoro ya kupunguzia bei. Nikaiona moja, milango ya nyuma ilikuwa haina vitasa kwa ndani. Vimetolewa, na matundu yake yamezibwa vizuri kwa bati.

"Daktari alikuwa na watoto watundu," dalali akasema. "Aliogopa wasije wakafungua mlango njiani."

Nikaona daktari alikuwa mtu wa busara. Bei yenyewe ilikuwa rahisi hata nikaona haya kuipunguza sana, nikaipunguza kidogo kwa desturi tu.

Siku ya kulipeleka melini niliendesha mwenyewe kupita mjini. Karibu na msikiti wa Ijumaa kuna uwanja, bangwe wanaita wao, wanaume walikuwa wanacheza dhumna na kugombana kwa sauti kama ilivyo kawaida. Nilipokanyaga mafuta kupanda, mluzi ukalia, na pale uwanjani pakawa kimya. Mmoja alibaki ameshika kete yake hewani. Mwingine alimvuta mtoto akamweka nyuma yake. Nikawapungia mkono, nikapiga honi kidogo, mgeni mwenye adabu zake. Hakuna aliyejibu. Nikasema moyoni, Wangazija na maringo yao, hata salamu wanaionea uchungu.

Fundi alikuja bandarini kuniaga. Akaligonga bati kwa kiganja, akasema kitu kwa Kingazija, harakaharaka, na Kingazija cha haraka mimi kinanipita nusu. Nilichoshika ni kwamba nilipeleke Ndzuani, huko litapumzika. Nikacheka. Nilidhani anasifu barabara zetu. Kumbe mtu yule alikuwa ananiambia alichoweza kuniambia.

Pale Ouani gari lile lilipendwa. Watoto wa mtaa waliniita Bwana Mluzi, nami nikawa nawafukuza kwa kucheka. Wakati meli ya mafuta ilipokawia na magari ya wakubwa yakakaa chini ya makuti, langu lilipita Mirontsy asubuhi na jioni, fyuuu, na watu wakitikisa vichwa. Nilikuwa napita makusudi mbele ya nyumba ya mkubwa wangu. Sasa nani wa kutazama saa?

Mama ndiye aliyeupenda mluzi kuliko wote. Jioni alikuwa akiusikia tangu nikiwa kwenye kona ya mto, na anapousikia anateleka birika. Nikiegesha, nikavua viatu, nikakaa, chai iko mbele yangu. "Gari lako lina adabu," alikuwa akiniambia. "Linabisha hodi kabla ya kufika."

Siku za meli ya Moroni nilimchukua. Alikaa nyuma, alipopapenda, na kwa kuwa milango haina vitasa alisubiri mpaka nizunguke nimfungulie. Tulikuwa tukitaniana kwamba nimemfanya bibi harusi, hashuki mpaka afunguliwe. Tulisimama pale gatini pamoja. Abiria wanashuka na magunia yao na mitungi yao, mwanawe hayumo. Nilimfungulia tena mlango, akaingia, tukarudi. Mara moja mwanamke mmoja aliyeshuka kutoka Moroni, amebeba mtoto mgongoni, alikuja upande wetu, akaliona gari, akasimama. Akageuka akazunguka mbali, jua lote lile, ili asipite karibu nalo. Nilimwambia mama ni wivu. Mama akasema, masikini, huenda amesahau mzigo.

Shemeji yangu hakuja kwa meli. Walimwachia asubuhi wakampakia kwenye ndege, hivyo alivyo, hana hata mfuko, na akatoka uwanja wa ndege kwa miguu mpaka mlangoni kwa mama yake. Mimi nilikuwa kazini. Dereva wa teksi ndiye aliyeniletea habari, aliingia ofisini bila kupiga hodi. "Nenda kwenu! Mtu wenu amerudi! Nimemwona kwa macho yangu, amekonda lakini ni yeye!"

Sikuomba ruhusa. Sikufunga hata droo. Nililiwasha gari lile nikalikanyaga kama sijawahi kulikanyaga, mluzi ukapanda mpaka mwisho wake. Mirontsy nilipita napiga honi na kuwapigia watu kelele dirishani, "Amerudi! Shemeji yangu amerudi!" Watu walinijibu, wanawake walipiga vigelegele. Nilikuwa nalia na kucheka. Nilimwona mama machoni pangu, jinsi atakavyokuwa amekaa, jinsi atakavyokuwa anamlisha. Kwenye kona ya mto nikasema leo birika litakuwa la watu wengi.

Nilipoegesha, mlango ulikuwa wazi. Ndani, sinia la chakula lilikuwa limepinduka, wali na kisamvu vimetapakaa mkekani. Mama amesimama katikati na upawa mkononi. Birika lilikuwa motoni.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Sijui," mama akasema. "Alikuwa anakula. Sijui, baba. Ameinuka tu."

Mke wangu alikuwa uani, ameshika ukuta kwa mikono miwili. Alinieleza palepale, kwa sauti ya chini ili mama asisikie, na nitayaandika kama alivyoyasema kwa sababu sijapata kuyasahau.

Ndugu yake alikuwa amekaa, anakula polepole, mama anamtazama kila tonge. Mara mluzi ukasikika kule kwenye kona. Mama akatabasamu, akainuka akaenda jikoni kuteleka birika. Ndugu yake akaacha kutafuna. Mluzi ukakaribia, na honi juu yake. Akasema, "Ni wao." Mke wangu akauliza kina nani. Akasema, "Naujua mluzi huo. Kila walipokuja kunichukua walikuja na mluzi huo. Nyuma hakuna vitasa." Akaruka, sinia likapinduka, akakimbilia uani.

Mke wangu akamfuata. Alimshika shati pale ukutani, akamwambia neno ambalo yeyote kati yetu angelisema. Alimwambia, "Usiogope! Ni mume wangu huyo! Ni gari la mume wangu!"

Akamtazama dada yake. Mke wangu aliniambia kwamba hofu ilimtoka usoni na kikaja kitu kingine kibaya zaidi. "Mume wako," akasema. "Basi ndiye yeye." Akaupanda ukuta, akashukia upande wa pwani.

Nilikimbia mpaka ufukweni nikiwa sina viatu. Niliita jina lake mpaka sauti ikakatika, na sasa najua kwamba kila nilipoita nilikuwa namfukuza zaidi. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona nyavu alisema kijana mmoja amesukuma ngalawa ya jirani yake, kapiga kafi kama anayefukuzwa, kaelekea upande wa kisiwa cha Maore. Bahari ilikuwa imechafuka tangu alfajiri, na wenyewe wavuvi siku hiyo hawakutoka. Nikaomba mtu aniazime chombo cha injini. Mwenye injini hakuwa na mafuta. Nikarudi garini, nikanyonya mafuta kwa mpira kutoka tangini, mafuta yangu niliyoyabania miezi yote ile, nikampa. Walitafuta mpaka jioni. Kesho yake ngalawa ilikutwa imepinduka mbele ya pwani ya Jimlime. Yeye hakuonekana, wala siku hiyo wala baadaye.

Kuli mmoja wa bandarini, mtu wa Moroni, ndiye aliyeniambia yaliyobaki, nilipomshika na kumwuliza uso kwa uso. Akanijibu bila kunitazama. Gari lile Moroni kila mtu alilijua. Lilikuwa la mzungu mmoja wa wale wa nguo nyeusi, akilitumia kwa kazi zao mjini kwa kuwa dogo linapenya vichochoroni. Aliporudi kwao dalali akalichukua, na Moroni nzima asipatikane wa kulinunua hata kwa bei ya vyuma chakavu. "Sisi tulidhani unajua," akasema. "Tulidhani na wewe ni wao, bwana. Ndiyo maana hatukusema."

Hapo nilikasirika, na hasira ile haijaniisha. Nina hasira na dalali na Mungu wake wa kila sentensi. Nina hasira na fundi aliyenieleza tundu la kabureta kinagaubaga na lile moja nililotakiwa kulijua akalisema kwa mafumbo. Nina hasira na nchi iliyofika mahali mtu akiwa na gari jipya, jirani hawezi kumwuliza umelitoa wapi. Na usiku na mchana najua kwamba kijana yule niliyemwolea dada yake, niliyecheza naye karata, niliyekuwa nampelekea viatu Moroni, alikufa akiamini kwamba nilikaa mezani kwa mama yake miaka yote ile kwa kazi ya wale watu.

Mama hatukumwambia. Tulimwambia kifungo kimemharibu akili kidogo, kashtuka, kavuka kwenda Maore, na kule kuna kazi na kuna watu wetu, atatulia. Alikubali. Habari ya ngalawa ya Jimlime tuliwaomba majirani wasimfikishie, na Ouani, pamoja na midomo yake yote, hilo wamenifichia.

Wiki ileile nilipeleka gari Mutsamudu, nikamwambia fundi atoe ile kabureta aweke nyingine yoyote, na milango ya nyuma aweke vitasa. Akastaajabu. "Utajuta, mzee, litakula mafuta hili." Nikamwambia, acha lile. Likala kweli. Likanywa kila nilichokuwa nimekibania, likaenda kimya kama magari ya watu wengine. Nilitaka kuliuza, lakini mama alikuwa bado anataka kupelekwa gatini, maana sasa anasubiri pia meli za Maore.

Jioni moja nilifika, nikavua viatu, nikakaa. Mama alitoka chumbani akashtuka kuniona. Birika halikuwa motoni. Akaenda kuliteleka akinilalamikia.

"Siku hizi sikusikii ukija, baba. Umeufanya nini ule mluzi?"

"Uliharibika, mama. Fundi ameutoa."

"Mwambie aurudishe," akasema, amenipa mgongo, anapuliza moto. "Mimi ulikuwa unanifurahisha. Siku ile mwanangu amekaa hapo anakula, nikausikia kwenye kona, nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo wanangu wote wawili wamefika nyumbani."

Nikamwambia nitamwambia fundi. Akanimiminia chai.